Mwosha Huoshwa



Sisi tunaoishi Al Qusais, upande wa mashariki wa Dubai unaopakana na Sharjah, tumezoea kuamshwa na mabasi ya wafanyakazi. Wa zamu ya asubuhi wanatoka, walinzi wa usiku wanarudi, na mtu akishuka ngazi husikia Kiswahili cha Mombasa, cha Unguja na cha Bukavu kabla hajafika barabarani. Alfajiri moja tuliamshwa na sauti ya breki, kisha kishindo. Tuliposhuka tulimkuta kijana wetu mmoja, mtu wa mkoa wa Tanga, amelala barabarani na sare yake ya ulinzi. Alikuwa anatoka kazini. Mungu amrehemu.

Kabla polisi hawajafika, simu zilikuwa zimekwisha kutolewa mifukoni. Mmoja wetu alimpiga marehemu picha ya uso. Hatumtaji jina, kwa kuwa sote tulikuwepo na hakuna aliyemshika mkono. Alisema baadaye kwamba nia yake ilikuwa kuwaarifu wenzetu ili marehemu atambuliwe upesi. Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu, na baadhi yetu tukaipeleka kwenye makundi mengine, tukiandika pole na dua chini yake. Haikupita saa moja picha ikawa imefika Tanga.

Mnajua, ndugu zetu, jinsi habari ya msiba inavyopelekwa kwetu. Wazee huitana kwanza. Huenda watu wazima wawili watatu, pamoja na mwanamke mmoja anayejua kumshika mfiwa. Hubisha hodi, hukaa, huulizana habari za asubuhi, na neno lenyewe huja polepole, majirani wakiwa wamekwisha kusogea. Siku ile wazee walikuwa bado wanatafutana kwa simu wakati mtoto wa jirani alipoingia uani kwa mama wa marehemu na kumwonyesha simu. "Mama, huyu si kaka?" Hivyo ndivyo alivyopata habari.

Sasa turudi barabarani. Polisi walipofika waliturudisha nyuma, wakafunga utepe, na miongoni mwao alikuwemo afisa mmoja mwenye kamera. Tulimtazama kwa hasira kidogo. Tulijiuliza: kama sisi tunakatazwa kumpiga picha maiti, huyu je? Lakini kadiri tulivyoendelea kumtazama, ndivyo tulivyoona kwamba anachofanya hakifanani na kilichofanywa na mwenzetu.

Alianza mbali kabisa. Alisimama kila pembe ya njia panda akapiga picha ya eneo zima, pamoja na nguzo ya taa, jengo na kibao cha jina la barabara, ili mtu ambaye hajapata kufika Al Qusais aweze kuelewa ni wapi. Kisha akasogea, akapiga picha za kati, zinazoonyesha kitu hiki kiko wapi kwa kile: mwili na gari, gari na alama za matairi, alama za matairi na mistari myeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu. Mwisho ndipo akaja karibu. Kiatu cha kushoto cha marehemu kilikuwa kimeruka mbali na mwili. Akaweka pembeni yake kibao kidogo cha njano chenye namba, akapiga. Akaweka rula, akainama mpaka lenzi ikawa juu ya kiatu moja kwa moja, akapiga tena. Baada ya kila picha mwenzake aliandika kitu kwenye karatasi. Alikaa zaidi kwenye kiatu na kwenye vipande vya kioo cha taa ya gari kuliko kwenye uso wa marehemu.

Miezi ilipopita, ndugu yake marehemu alitueleza maana ya kiatu kile. Dereva alikuwa amesema kijana alikatiza ghafla, mbali na kivuko. Wataalamu walianzia kwenye vioo, alama za matairi na kiatu, vyote vikiwa na vipimo vyake, wakarudi nyuma hadi mahali alipogongwa. Palikuwa kivukoni. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa katika suala la diya, ambayo kwa miaka mingi Imarati imetajwa kuwa dirham 200,000, na uzito mkubwa zaidi katika suala la jina la kijana, kwamba hakufa kwa uzembe wake.

Kwa hiyo picha aliyoiona mama haikumpa kitu ila jeraha, na zile ambazo hakuziona hata moja ndizo zilizomtetea. Kamera zote mbili zilielekezwa kwa maiti yule yule, asubuhi ile ile. Tofauti yake ni nini? Swali hili limetusumbua, na tunaomba tulifikirie pamoja nanyi.

Jibu jepesi ni sheria. Amri ya Sheria ya Shirikisho namba 34 ya mwaka 2021, inayohusu uvumi na uhalifu wa mitandao, ilianza kutumika hapa Imarati tarehe 2 Januari 2022. Kifungu chake cha 44 kinakataza kupiga au kusambaza bila ruhusa picha za majeruhi, waliofariki na waathiriwa wa ajali au maafa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi 6 na faini ya dirham 150,000 hadi 500,000, au mojawapo ya hizo mbili. Baada ya siku ile wengi wetu tulifuta picha kwenye simu kwa kukumbushana sheria hii. Lakini woga si adabu. Mtu anayeacha jambo kwa kuogopa faini atalifanya akifika uwanja wa ndege wa nyumbani. Tunataka kujua ubaya wenyewe uko wapi.

Jibu la pili ni nia. Hili nalo halitoshi, maana nia ya mwenzetu haikuwa mbaya, wala nia zetu tulioandika dua chini ya picha. Na hatujui nia ya yule afisa. Pengine alikuwa amechoka anangoja zamu iishe. Hata hivyo kazi yake ilikuwa safi.

Basi tukaamua kuitazama kazi yenyewe, na ndipo tulipopata mwanga. Kazi hii ina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris alikuwa akiweka kamera juu ya stendi ndefu, ikitazama chini moja kwa moja, na picha zake alizizungushia vipimo pembeni ili umbali wa kila kitu chumbani uweze kuhesabiwa baadaye. Mwaka 1909 Rodolphe Archibald Reiss, ambaye naye alikuwa mpiga picha hodari, alianzisha Lausanne, Uswisi, chuo cha sayansi ya polisi. Tangu enzi hizo kamera zimebadilika, lakini kanuni hazijabadilika sana, na kila kanuni ukiitazama vizuri ni kama ahadi kwa marehemu.

Kanuni ya kwanza: piga kabla kitu hakijaguswa, na piga vyote. Mpiga picha hachagui kinachosisimua. Kiatu kina haki sawa na uso. Ya pili: piga bila rula, kisha piga na rula, ili asitokee wakili wa kusema kwamba rula ilifunika kitu. Ya tatu: usipotoshe. Kamera ikiinama upande, kipimo hudanganya. Unyayo mchangani ukimulikwa kutoka juu hufifia, ukimulikwa kwa taa ya chini kutoka pembeni mistari yake yote huinuka. Ya nne: usifute hata picha iliyoharibika, maana namba zikiruka watu watauliza ile iliyokosekana ilionyesha nini. Nakala asili huhifadhiwa kama ilivyotoka kwenye kamera; ukitaka kuongeza mwanga, fanya hivyo kwenye nakala nyingine na uandike ulichofanya. Ya tano: weka jina lako. Nchini Kenya, kifungu cha 78 cha Sheria ya Ushahidi kinataka picha za namna hiyo ziende mahakamani na hati ya afisa aliyeteuliwa rasmi kwa kazi hiyo, na kifungu cha 106B kinadai hati iliyotiwa saini kwa ajili ya kumbukumbu za kielektroniki. Yaani kuna mtu anayeweza kuitwa kizimbani akaulizwa: picha hii uliipiga wewe? Saa ngapi? Umesimama wapi?

Tusidhani kwamba kwa kanuni hizi picha inakuwa malaika. Kamera huweza kudanganya bila mtu kudanganya. Mfano unaotugusa ni michubuko kwenye ngozi nyeusi. Chini ya taa ya kawaida alama ya kipigo kwenye mkono wa dada yetu huweza isionekane kabisa pichani, na asiyejua akasema hakupigwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, uliowahusisha watu 157 wa rangi mbalimbali za ngozi, ulionyesha kwamba mwanga maalumu wa zambarau na buluu, ukitazamwa kupitia miwani ya rangi, unaweza kufichua michubuko takriban mara tano zaidi ya taa nyeupe. Kwa hiyo uaminifu peke yake hautoshi. Mpiga picha lazima pia ajue ngozi anayoipiga.

Hapa tunafika kwenye ugumu wetu sisi watu wa pwani. Mila yetu ni kumsitiri maiti. Hufunikwa hata kabla hajapoa, huoshwa nyuma ya pazia, na wenzetu wa dini nyingine nao wana heshima yao inayofanana na hiyo. Mtu mwenye kamera anafanya kinyume, anafunua. Je, si kweli kwamba yule afisa naye alivunja sitara, ila kwa ustadi zaidi?

Tulilizungumza hili usiku wa matanga, na mzee mmoja akatujibu kwa neno moja: mwosha. Akasema, mwosha maiti naye huona kila kitu. Huona kovu, ulemavu, uchafu, pengine alama ambazo hata mke wa marehemu hakuzijua. Hakuna anayemwambia amevunja sitara, kwa sababu anaona ili wengine wasihitaji kuona, na akitoka nyuma ya pazia hasemi. Aliyoyaona ni amana. Mwosha akikaa barazani akaanza kusimulia mwili wa fulani ulikuwaje, hapo ndipo huwa mhaini, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Tukaona kwamba mzee amemaliza. Mpiga picha wa ushahidi ni mwosha wa namna yake. Anaona yote, kwa utaratibu, kwa ajili ya haja moja inayojulikana, na anakiweka alichokiona mahali ambapo wachache wenye wajibu ndio watakaokifungua. Mwenzetu aliyepiga uso hakukosea kwa sababu ya kuona, bali kwa sababu alitoka nje ya pazia akisimulia, na sisi tukawa wapokezi wa simulizi. Hakuna aliyemuuliza alisimama wapi. Hakuna aliyeweka jina lake. Picha ilikwenda kwa kila mtu, kwa hiyo haikuwa na mtu wa kuijibia.

Kuna pingamizi, na ni zito. Je, ikiwa mwenye ufunguo wa kabati ndiye mhalifu? Farid al-Madhan alikuwa mpiga picha wa polisi wa jeshi la Syria, kazi yake kupiga picha za ajali na uhalifu. Vita vilipoanza akaamriwa kupiga maiti za watu waliofia vizuizini, kila mmoja na namba yake. Mwaka 2013 alitoroka, na picha zilizotolewa nchini kwa siri zilifika takriban 53,000. Kwa miaka dunia ilimjua kwa jina la Kaisari tu, mpaka Februari 2025, baada ya serikali ya Assad kuanguka, alipotaja jina lake hadharani. Picha hizo zilikuwa sehemu ya ushahidi katika kesi ya Koblenz, Ujerumani, ambako Januari 2022 afisa wa zamani wa usalama alihukumiwa kifungo cha maisha. Na familia za Syria zililazimika kupitia nyuso hizo moja baada ya nyingine, zikitafuta mtoto au mume. Walijua zitawaumiza, lakini kutojua kuliwaumiza zaidi.

Hata nyumbani tumeona. Tarehe 17 Juni 2025, katikati ya Nairobi, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi na polisi kwa karibu mbele ya kamera, na siku chache baadaye akafariki. Picha zile zilisambaa, na maafisa wawili wakakamatwa. Nani atasema waliozipiga walikosa adabu? Laiti wangeinamisha simu zao, pengine tungeambiwa hadithi nyingine.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kamera ni ya askari peke yake. Tunachoweza kusema ni kwamba anayepiga, awe askari au mpita njia, amejitwika kazi ya mwosha, na ajiulize maswali ya mwosha. Je, bila picha hii ukweli utazikwa? Je, nimeihifadhi nzima, bila kuikata wala kuipamba? Je, nampelekea mwenye kuweza kutenda jambo, au mwenye kutaka kutazama tu? Je, niko tayari kusema, ni mimi niliyeipiga? Pale Nairobi kulikuwa na jambo ambalo huenda lingefichwa. Pale Al Qusais hapakuwa na aliyeficha kitu. Polisi walikuwa njiani na gari halikuwa limekimbia. Uso wa kijana wetu haukuthibitisha lolote.

Tena tukumbuke mwaka 2019. Baada ya shambulio la DusitD2 pale Nairobi, tarehe 15 Januari, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya watu waliouawa wakiwa mezani. Wakenya waliwaka, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likataka picha iondolewe. Gazeti lilijitetea kwamba wasomaji wanapaswa kuona ukubwa wa unyama ule. Swali la Wakenya lilikuwa jepesi: wafu wenu wenyewe mngewaonyesha hivi? Wengi wetu tulioko ughaibuni tulishangilia swali hilo. Leo tunaona haya kidogo, kwa sababu sisi tumemfanyia vile vile mtoto wetu wenyewe, na hatukuwa na hata udhuru wa gazeti.

Na liko jambo moja ambalo hatukuliwaza siku ile. Afisa yule alipopiga picha za mbali, nyuma ya utepe tulikuwepo sisi. Bila shaka tumo kwenye jalada lile, tumesimama kwa safu, na simu zetu juu. Waswahili husema mwosha huoshwa. Ipo siku mtu mwingine atasimama mbele yetu na kamera, nasi hatutaweza kumwambia asogee.

Marehemu alizikwa hapa hapa, makaburini Al Qusais. Mtaa huu ni wa makaburi tangu zamani: katika miaka ya 1970 wataalamu kutoka Iraq walifukua hapa makaburi ya watu walioishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Watu wa kazi hiyo nao huweka kipimo pembeni ya mfupa na kupiga picha kabla ya kuuinua, kwa sababu kitu kikishaondolewa mahali pake, picha ndiyo inayobaki kusema kilikuwa wapi.

Baada ya maziko mjomba wa marehemu alitupigia simu kutoka Tanga. Alisema mama hajaifuta ile picha. Kila akiambiwa aifute anasema ndiyo ya mwisho, uso wa mwanawe hakuupata kuuaga. Hatukuwa na la kumjibu. Akauliza kama tunaweza kumpatia kitu kingine cha kushika.

Tulijadiliana, kisha ndugu yake marehemu akarudi makaburini na watu wawili. Wakapiga picha ya kwanza getini, ionyeshe njia ya kuingilia. Ya pili wakaipiga kwenye mstari wa makaburi, ionyeshe lake liko wapi kwa majirani zake. Ya tatu karibu, udongo na jiwe la kichwani. Wakaandika tarehe, na jina la aliyepiga. Hawakuziweka kwenye kundi lolote. Walimtumia mjomba peke yake, naye akazisafisha studio mjini, akazitia kwenye bahasha, akaenda nazo kwa dada yake. Alituambia kwamba mlango ulikuwa wazi, lakini alisimama nje kwanza akabisha hodi.